Kivuli Kilichochorwa Juu ya Tumbawe

Asubuhi ya siku ya sita, kabla taa haijawaka sawasawa, niliinama mbele ya tangi nikiwa na tochi mkononi. Montipora yangu, tumbawe gumu lile lililotandaza sahani yake kama sikio la tembo, ilikuwa imepauka kama kitambaa kilichosahaulika juani. Imepauka yote, isipokuwa pale katikati. Katikati palibaki alama ya kahawia yenye matawi matatu, na kingo zake zilikuwa kali kana kwamba mtu alitandika karatasi iliyokatwa kwa mkasi kisha akapuliza rangi pembeni.

Nilisogea hadi pua ikagusa kioo. Ndani ya alama ile polipu, vile vijinyama vidogo vinavyounda tumbawe, zilikuwa wazi, vidoa vidogo vya kijani kama vichwa vya pini. Nje yake hapakuwa na polipu hata moja. Ngozi ilikuwapo, nyembamba, mifupa myeupe ikionekana chini yake.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokuwa nakitazama. Akropora, tumbawe jingine gumu linalokaa juu ya mwamba, kama sentimita kumi na tano juu ya sahani ile, ina matawi matatu.

Kilikuwa kivuli chake.

Makala hii nimeiandika na kuifuta mara tatu. Hakuna tumbawe lililokufa, kwa hiyo wala si maombolezo. Kilichonikera kwa wiki nyingi ni kwamba kwa siku tano nzima nilikuwa nimeapa kwamba tatizo ni maji, na tumbawe lenyewe likanichorea picha kuonyesha kwamba tatizo liko juu ya kichwa changu, linaning'inia kwa nyaya nilizofunga mwenyewe.

## Taa iliyoonekana hafifu

Sababu za kubadili taa mnazijua. Mirija ya T5, zile taa nyembamba za floresenti zenye zebaki ndani, inazidi kuwa adimu. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kwamba taa za mirija za matumizi ya kawaida zikome kutengenezwa ifikapo mwisho wa 2027, na hata kama mirija yetu ya bluu ya matangi si ya matumizi ya kawaida, viwanda na vifaa vya kuiwashia ni vilevile. Nilikuwa na mirija sita, wati 54 kila mmoja. Nikaamua kuhama mapema kabla sijalazimika.

Jumamosi jioni nikashusha ya zamani, nikapandisha taa mbili za LED kwenye ndoano zilezile, urefu uleule. Nikaziwasha kwa asilimia 40.

Tangi likawa giza. Bluu nzuri, ndiyo, matumbawe yaking'aa kama makaa, lakini chumba kizima kilikuwa kama usiku wa mbalamwezi. Nikajiambia haiwezekani viumbe waliozoea mirija sita waishi kwenye giza hili. Nikapandisha hadi 50. Bado. Nikapandisha hadi 70, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaridhika.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa nia njema kabisa. Niliogopa kuwanyima.

## Jicho si shahidi

Jicho la binadamu mchana huona vizuri zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 555. Ukilipa nguvu ileile ya mwanga kwenye bluu ya nanomita 450, linaiona kwa chini ya asilimia 5 ya lilivyoiona ile ya kijani. Taa nyingi za matumbawe hutoa sehemu kubwa ya nguvu zake hapohapo kwenye 450. Kwa maneno mengine, taa hizi zinapiga kelele kwenye sikio ambalo sisi hatuna.

Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, ile tunayoiita zuksantela, sikio hilo unalo. Klorofili zake na rangi iitwayo peridinini hunyonya kwa wingi kuanzia urujuani hadi kwenye kijani-bluu. Kile nilichokiona kama mbalamwezi, kwao kilikuwa jua la saa sita.

Wala programu ya simu ya kupima mwanga haikunisaidia. Niliitumia usiku uleule, ikanipa namba ndogo kuliko ya mirija, nikaichukua kama ushahidi. Lakini kipimo cha luksi kimetengenezwa kuiga jicho la mtu. Nilikuwa nimemwita shahidi wa pili ambaye ni pacha wa yule wa kwanza.

(Mabano kidogo. Taa za LED za bluu zilisumbua watafiti kwa miaka mingi baada ya nyekundu na kijani kupatikana, hadi Akasaki, Amano na Nakamura walipofanikiwa, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Nimewahi kuwashukuru kimoyomoyo kila nilipotazama tangi. Wiki ile shukrani ilipungua.)

## Mlango usiofungwa

Sitarudia somo la usanisinuru. Kuna jambo moja tu nataka tulikalie, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikilisoma bila kulielewa.

Mwani hauwezi kufumba macho. Mwanga ukifika, unanyonywa, uhitajike usihitajike. Kazi ya kugeuza nishati ile kuwa sukari ina kasi yake, na ikishafika kikomo, nishati inayobaki lazima iende mahali. Sehemu huondolewa kama joto, kwa njia ya ulinzi ambayo mwani huiwasha ndani ya dakika. Ikizidi hapo, hutokea oksijeni ya aina chafu inayochoma kila inachokigusa. Tumbawe linajikuta limefuga mpishi anayewasha moto sebuleni. Linamtoa nje.

Tunaloliita kupauka ni hilo. Katika miaka ya upaukaji mkubwa baharini, kama 1998 na 2016, joto ndilo lililoanzisha balaa, maana maji yakipata joto kikomo kile cha mwani hushuka na mwanga wa kila siku unakuwa mwingi mno. Lakini mara nyingi ni upande wa juu, unaolitazama jua, unaotangulia kuwa mweupe, na chini ya matawi rangi hubaki. Nilikuwa nimeona picha hizo mara kadhaa. Sikudhani ningeziona sebuleni kwangu, kwenye maji ya nyuzi 25.

Tumbawe hujirekebisha, bila shaka. Hupunguza klorofili kwenye kila seli ya mwani, hupunguza idadi ya mwani wenyewe, huongeza rangi zake za kujikinga. Ila hiyo ni kazi ya ujenzi. Huchukua siku nyingi, mara nyingi wiki, na inajengwa kulingana na mwanga uliopo wakati huo.

Kumbuka maneno hayo ya mwisho. Mimi sikuyakumbuka.

## Mkono usiotulia

Nina daftari la tangi. Siku ya ishirini nilikaa nalo, nikaisoma historia yangu kama vile ni ya mtu mwingine.

Siku ya pili yufilia, tumbawe langu lenye minyiri mirefu, haikufunguka. Nikabadilisha asilimia 20 ya maji. Siku ya tatu nikaiteremsha chini kwenye mchanga. Siku ya nne nikaweka mkaa mpya wa kuchuja, nikiamini kuna sumu. Siku ya tano nikaongeza mzunguko wa maji kwa kusogeza pampu. Siku ya sita nikakiona kivuli, nikapigwa na bumbuwazi, nikashusha taa kutoka 70 hadi 25 kwa mkupuo. Siku ya kumi rangi ilikuwa haijarudi, nikapandisha hadi 45 nikidhani sasa nimewanyima. Siku ya kumi na mbili nikapunguza bluu na kuongeza nyeupe. Siku ya kumi na nne nikarudisha yufilia ilipokuwa. Siku ya kumi na saba nikarudisha bluu.

Ule mkaa ndio ulionichekesha, kicheko cha mtu aliyeanguka peke yake barabarani akatazama kama kuna aliyemwona. Mkaa mpya huondoa umanjano unaojikusanya kwenye maji, na maji yakiwa meupe mwanga hupenya zaidi. Siku ya nne, matumbawe yakiungua, mimi nilikuwa nasafisha kioo cha dirisha.

Nilijiuliza swali moja tu: kati ya mabadiliko haya yote, hali ninayoiona leo imetokana na lipi?

Sikuwa na jibu, na sikuwa na njia ya kulipata. Kila lilipoanza kujijenga kwa mwanga wa jana, nilikuwa nimeshaleta mwingine. Taa mpya ilikuwa imelipiga tumbawe mara moja. Mimi nilikuwa nimelipiga mara tisa.

## Kuipima taa ya zamani

Mwenzangu mmoja anayefuga matumbawe alinikopesha kipima mwanga cha kweli, kile chenye jicho la kuzamisha majini, kinachohesabu chembe za mwanga kati ya nanomita 400 na 700. Kipimo chake ni mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde, ila hakuna atajaye jina hilo lote. Jua la tropiki saa sita, juu ya maji, hufika karibu 2000. Matumbawe laini wengi huridhika na chini ya 150. Akropora hutaka 200 na zaidi.

Nilikuwa nikienda kupima taa mpya. Mwenzangu akaniuliza, "Sasa na ile ya zamani ilikuwa ngapi?"

Nikanyamaza.

Taa ya zamani ilikuwa stoo, imefunikwa shuka. Nikaitoa, nikaipangusa vumbi, nikaining'iniza tena kwa saa moja tu. Kwenye nafasi ya montipora ilinipa 95.

Tisini na tano! Mirija sita, wati zaidi ya 300, nilizokuwa nikijivunia kama jua dogo. Kisha nikaangalia daftari: mirija ile ilikuwa na miezi 16. Wengi wetu tunajua inapaswa kubadilishwa kati ya miezi 9 na 12, na wengi wetu tunaahirisha kwa sababu kwa macho inaonekana bado inawaka vizuri. Ilikuwa imefifia polepole na mimi sikugundua. Matumbawe yaligundua. Yalikuwa yamejijengea maisha ya kivulini kwa mwaka mzima, yakajaza mwani hadi yakawa ya kahawia, na mimi nilikuwa nikiiita kahawia ile afya.

Kisha LED. Kwa asilimia 70, mahali palepale: 310. Zaidi ya mara tatu, kwa usiku mmoja. Na kule kwenye pembe za tangi, 80 tu. Mirija ilikuwa na urefu wa mita na zaidi, mwanga wake ukitoka kila upande, kivuli chochote kikijazwa na mrija wa jirani. LED zangu mbili zilikuwa vitundu viwili vya moto. Kilichokuwa chini yake kiliungua, kilichokuwa nyuma ya tawi kilikuwa usiku. Ndiyo maana kingo za kivuli kile zilikuwa kali vile.

Lakini namba iliyoniuma zaidi ilikuja mwisho. Niliteremsha hadi asilimia 25, kwa udadisi tu.

110.

Siku ya sita, kwa hofu, kwa kubahatisha, nilikuwa nimeshafika karibu kabisa na mwanga wao wa zamani. Nilikuwa nimepatia. Kisha siku nne baadaye nikaondoka hapo kwa sababu rangi haikurudi ndani ya siku nne.

## Maji nayo yalikuwa na lao

Sasa niwe mwaminifu: nilipoilaumu maji sikukosea moja kwa moja. Nilikosea mpangilio wa sababu.

Tumbawe linalopata mwanga vizuri hujenga mifupa haraka, na likijenga hunywa alkaliniti, yaani kaboneti zilizomo majini. Likishtuka, huacha. Pampu yangu ya dozi, inayoyarudishia maji alkaliniti hiyo, haikuambiwa. Iliendelea kumimina kama kawaida, na alkaliniti ikapanda kutoka 8.2 hadi 9.8 ndani ya wiki moja. Hiyo peke yake inatosha kuikera akropora. Nilipoiona namba ile nilisema, si unaona, ni maji. Kumbe maji yalikuwa yakisimulia habari za taa.

Joto pia. Mirija ile ilikuwa jiko. Mchana maji yalipanda hadi 26.5, usiku yakashuka. Baada ya LED, hita ndiyo iliyobaki kazini, maji yakakaa 25 usiku na mchana, na uvukizi ukapungua hadi ndoo ya kujazia ikawa inadumu siku mbili zaidi. Si mabaya hayo. Ila ni mabadiliko, na sikuyahesabu kwa sababu nilidhani nimebadilisha kitu kimoja.

Ukibadilisha taa, pima alkaliniti kila siku kwa wiki mbili. Kama kuna sentensi moja ya ushauri katika makala hii, ndiyo hiyo, na nimeiweka hapa katikati makusudi ili isionekane hekima.

## Mara ya pili

Niliinua taa zote mbili sentimita kumi na mbili, nikaziachanisha ili miale ipishane. Nikazipima upya na kuzifunga pale ambapo montipora ilipata 100, ikawa asilimia 34. Uwiano wa bluu na nyeupe nikaugandisha. Kuanzia hapo nilijiruhusu kugusa kitu kimoja tu, kile cha nguvu kwa jumla. Saa nane za mwanga, ukipanda na kushuka taratibu. Juu ya upande wa montipora nikaweka kipande cha wavu wa dirisha, wa plastiki, tabaka moja.

Kisha wiki mbili bila kugusa chochote.

Msinicheke, zilikuwa wiki ngumu. Nilikuwa nikipita mbele ya tangi mikono nimeifunga mgongoni. Siku ya tisa yufilia ilijikunja mchana kutwa na nilifika hadi kushika simu, programu ya taa ikiwa wazi, kidole juu ya kitufe. Nikaiweka chini. Kesho yake ilifunguka. Sijui ilikuwa na nini, pengine kaa alikuwa ameipita.

Baada ya hapo nikapandisha nguvu ya taa pointi mbili za asilimia kwa wiki. Wavu nikauondoa wiki ya tano. Tumbawe la ngozi na zoanthidi, viumbe laini, kwa taarifa yenu, hazikuonyesha dalili yoyote tangu siku ya kwanza hadi leo; ningekuwa nafuga hizo tu ningeandika makala ya kusema kwamba habari za kuzoesha taa ni porojo.

## Lakini bahari haiombi ruhusa

Hili ndilo shaka langu kubwa, na liliniweka macho usiku. Baharini wingu hupita, mwanga ukakatika zaidi ya nusu ndani ya dakika. Kesho yake anga ni jeupe. Matope ya mvua hukaa wiki nzima kisha maji yakasafika ghafla. Hakuna anayeipandishia bahari pointi mbili kwa wiki. Kwa nini basi tangi langu liwe yai?

Jibu ninaloweza kulisimamia ni hili: tumbawe la baharini, hata chini ya wingu, limejengwa na siku za jua kali. Lina akiba ya kinga kwa mwanga ambao limewahi kuuona, na kivuli cha leo hakiliumizi kitu. La kwangu halikuwa limewahi kuuona 310. Halikuwa tumbawe lililotoka kivulini kidogo. Lilikuwa tumbawe ambalo kivuli ndicho kilichokuwa siku yake nzima. Kushuka kutoka mwanga mwingi kwenda mdogo hunipa hofu kidogo tu. Linakuwa la kahawia, linapunguza kukua, na una wiki kadhaa za kugundua. Kupanda ndiko kunakokata.

Bado sijaridhika nalo kabisa. Yapo matumbawe yaliyohamishwa kutoka tangi moja hadi jingine, mwanga tofauti kabisa, yakafunguka siku hiyohiyo. Nimeyaona. Pengine hali ya tumbawe kabla ya siku ile ina uzito kuliko namba yenyewe. Na pengine kuna siri ya kila spishi ambayo kipima mwanga hakiisomi.

Na kuna swali ambalo mke wangu aliniuliza akiwa anapita tu na kikapu cha nguo: kama lilikuwa zima kwa 95, unalipandishia ya nini?

Kwa ajili ya akropora iliyo juu, nilimwambia. Ni kweli. Nusu.

Nusu nyingine ni kwamba nataka zambarau. Montipora ile ilikuwa zambarau nilipoipata, miaka mitatu iliyopita, kabla mirija haijachakaa.

## Wiki ya kumi na moja

Jana usiku nilizima kila kitu chumbani nikaacha bluu peke yake. Montipora inapata 150 sasa. Alkaliniti 8.3. Ukingo wa sahani una utepe mweupe, ule mweupe wa kukua, upana wa ukucha wa kidole kidogo, na nyuma yake zambarau imeanza kuingia kama wino kwenye karatasi iliyolowa.

Nilikitafuta kivuli. Kwa mbali huwezi kukiona. Nilipoleta kioo cha kukuzia nikakipata: pale palipokuwa na matawi matatu, polipu zimesongamana zaidi na kahawia haijaondoka yote, hivyo zambarau imelizunguka eneo lile bila kuingia. Akropora yenyewe imeota tawi la nne, na tawi hilo linaangukia upande mwingine.

Sikuisogeza.